Kidole Gumba Kikitegea Kazi

Mlioko Igowole, Nyololo, Kibao na vijiji vya Mufindi vilivyozungukwa na chai na misitu ya mbao, na nyinyi mnaotusikia kutoka Mafinga, Iringa mjini hadi Mbeya, karibuni tukae pamoja. Leo nina mazungumzo kuhusu miguu, na hasa sehemu moja ndogo ya mguu: mbele ya unyayo, pale chini ya vidole, mahali tunapokanyagia tunapoinua kisigino kupiga hatua.

Yuko mtu mwenye nundu pembeni mwa kidole gumba cha mguu. Imetokeza upande wa ndani, ule unaotazamana na mguu mwenzake, na kidole chenyewe kimelala kuelekea vidole vingine. Nundu hiyo ameizoea. Pengine mama yake alikuwa nayo, na bibi yake pia. Haimsumbui kila siku. Kinachomsumbua kiko kwingine: chini ya kidole cha pili, ambapo anahisi amekanyaga kokoto hata akitembea peku juu ya mkeka. Akifika kwa mganga, akifika duka la dawa, akimsimulia jirani, anataja hiyo kokoto. Nundu haitaji kabisa, kwa kuwa kwake hayo ni mambo mawili yasiyojuana.

Mimi nataka tuyaunganishe. Mara nyingi nundu na kokoto ni ugonjwa mmoja, na asiyejua hivyo atatibu kokoto miaka nenda rudi bila kupona.

Mguu mmoja una mifupa 26. Kati ya hiyo, mitano ni mirefu na hutoka katikati ya mguu kwenda kwenye vidole. Vichwa vya mifupa hii mitano ndivyo vinavyotua ardhini pale mbele. Ule wa kidole gumba ni mnene kuliko wenzake, na unene huo una kazi. Madaktari wa mifupa wa zamani walifundisha kwamba uzito unaoangukia mbele ya mguu ukigawanywa mafungu sita, kidole gumba hubeba mawili, na vile vinne vilivyobaki hubeba fungu moja moja. Tena kisigino kinapoinuka, kidole gumba ndicho kinachotoa msukumo wa mwisho wa hatua. Chini ya kichwa cha mfupa wake kuna vifupa viwili vidogo vilivyokaa ndani ya kano, navyo husaidia kubeba uzito huo.

Wengi hudhani nundu ni nyama iliyoota, au mfupa mpya uliochipuka. Hapana. Mfupa mrefu wa kidole gumba umesogea kwenda ndani, kidole chenyewe kimevutwa kwenda nje, na pale vilipoachana ikatokea kona. Kona hiyo ndiyo tunayoiona na kuiita nundu. Ngozi ya juu yake huvimba na kuwa nyekundu kwa sababu ya kusuguliwa na kiatu, lakini ndani yake ni kichwa cha mfupa uleule mtu aliozaliwa nao. Kwenye picha ya eksirei, kona ikizidi nyuzi 15 daktari huhesabu kwamba kidole kimepinda. Na kikishapinda, kano zilizokuwa zikikinyoosha huanza kukivuta pembeni, hivyo kila hatua hukizidishia. Vile vifupa viwili vya chini navyo hubaki nje ya mahali pake. Kidole gumba kipo, unakiona, lakini hakisukumi tena ardhi inavyotakiwa.

Watu wa Mufindi mmewaona vijana wakibeba gogo mabegani huko msituni. Yule mwenye nguvu kuliko wote akilegeza bega, gogo halipungui hata ratili moja. Uzito wake humwangukia anayefuata. Kwenye mguu, anayefuata ni kidole cha pili. Mfupa wake ni mrefu na mwembamba, na huko nyuma umebanwa kwa nguvu katikati ya mifupa mingine, kwa hiyo hauwezi kusogea wala kunesa kuukwepa mzigo. Unabeba tu. Ngozi iliyo chini yake inajilinda kwa kuwa nene, na hapo ndipo sugu inapotokea. Kiungo cha kidole kinavimba kwa ndani. Ule utando mgumu unaokishikilia kidole kutoka chini unachakaa taratibu, na siku moja kidole kinaanza kunyanyuka na kukunjika, mgongo wake ukisugua kiatu kwa juu. Sasa mtu ana sehemu tatu zinazouma: nundu pembeni, sugu chini, na kidonda juu ya kidole cha pili. Wengine kidole gumba huendelea kulala mpaka kikaingia chini ya jirani yake.

Nimeuchagua mfano wa gogo kwa kuwa nataka suala la mzigo likae vichwani mwenu. Mchukueni mama anayechuma chai. Anasimama saa nyingi kwenye mteremko, juu ya udongo uliolowa, akichagua majani mawili na kichipukizi chake, huku tenga mgongoni likizidi kuwa zito. Akipanda, uzito uko mbele ya unyayo. Akishuka, vidole vinasukumwa kwenye ncha ya buti. Halipwi kwa kusimama. Analipwa kwa kilo, kwa hiyo hana nafasi ya kupumzisha mguu unapoanza kuwaka. Jioni anabeba kuni au ndoo ya maji kichwani, na kilo zote hizo hushuka hadi kwenye vichwa vile vitano vya mifupa. Kama cha kwanza kimetegea, kidole cha pili ndicho kinachofanya kazi ya wawili kuanzia alfajiri hadi usiku. Maumivu yake si uvivu, wala si uzee tu. Naomba wasimamizi wa mashamba wanaonisikia walichukue hili: mchumaji anayevua buti katikati ya kazi na kuukanda mguu hajifanyishi.

Buti zenyewe nazo tuziseme. Gambuti hukinga maji, nyoka na umande wa asubuhi, na kwa baridi ya Mufindi ya Juni na Julai hakuna wa kumwambia mtu azivue. Lakini wengi huvaa zilizopo, si zinazowatosha. Zikiwa ndogo zinabana nundu. Zikiwa kubwa mno, mguu unaelea ndani na vidole vinajikunja kushikilia soli ili buti lisivuke, na vidole vikijikunja, vichwa vya mifupa vinasukumwa chini zaidi. Gambuti nzuri ni ile iliyo pana mbele, inayoshika vizuri kwenye kifundo kwa soksi nene, na yenye soli ngumu kiasi. Ile laini ambayo unaweza kuikunja mara mbili kwa mkono mmoja inaiachia mifupa kila jiwe la njiani.

Je, viatu ndivyo vinavyoleta nundu? Hapa kuna ushahidi wa kufikirisha, na wa kwanza uko nchini kwetu. Mwaka 1978, kule Laetoli katika eneo la Ngorongoro, kundi la Mary Leakey lilifukua nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu waliotembea juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Katika nyayo hizo kidole gumba kimenyooka mbele, sambamba na vidole vingine. Ndivyo mguu ulivyoanza safari yake. Mwaka 1958, madaktari Lam Sim-Fook na Hodgson walichapisha utafiti wa Hong Kong uliolinganisha watu waliovaa viatu na watu wa mashua waliotembea peku. Waliovaa viatu, asilimia 33 walikuwa na kidole gumba kilichopinda. Wasiovaa, asilimia 1.9. Na mwaka 2021 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walitangaza matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu 177 waliozikwa katika mji huo karne nyingi zilizopita. Waliozikwa kati ya karne ya 11 na ya 13, asilimia 6 walikuwa na alama za nundu. Waliofuata, wa karne ya 14 na 15, wakati viatu vyenye ncha ndefu vilipokuwa fasheni, walifika asilimia 27. Jambo jingine katika utafiti huo lilinigusa zaidi: wazee waliokuwa na nundu walikuwa na dalili nyingi zaidi za mifupa kuvunjika kwa kuanguka. Mguu usiosukuma vizuri hauwezi pia kumshika mtu anapoteleza, na njia zetu za masika mnazijua.

Hata hivyo sitaki mtu amlaumu bibi yake aliyeishi peku na bado akawa na nundu. Umbo la mguu hurithiwa. Kuna waliozaliwa na viungo vilivyolegea, na kuna waliozaliwa na unyayo bapa. Wanawake hupata nundu zaidi ya wanaume, na mchuchumio wa harusi na kitchen party hauwezi kubeba lawama zote peke yake, ingawa kisigino kikiinuliwa uzito hukimbilia mbele, na hilo halina ubishi. Mimba nayo hulegeza kano. Mguu wa mama unaweza kurefuka na kupanuka, na usirudi kama ulivyokuwa. Wako akina mama wanaovaa viatu walivyonunua wakiwa wasichana, watoto watatu baadaye, na kushangaa kwa nini vinauma. Mama, viatu havikubadilika. Mguu ndio uliobadilika.

Palipo na la kufanya mapema ni kwa watoto, na hapa sauti yangu itapanda kidogo. Mwanafunzi wa sekondari anatembea kilomita kadhaa kwenda na kurudi, kwa kiatu cheusi cha ngozi kilichonunuliwa mwaka juzi au kilichoachwa na kaka yake. Mguu unakua na kiatu hakikui. Tunakagua madaftari, tunakagua sare, lakini hatukagui kama vidole vya mtoto vina nafasi ya kulala. Kama shule inadai kiatu cheusi, na kiwe cheusi, lakini kiwe na upana wa mguu wa huyo mtoto. Mzazi asiye na uwezo wa kununua kipya ni bora amwache mtoto atembee njiani na ndala au katambuga, kiatu akakivae akifika shuleni.

Na sokoni, kwenye rundo la mitumba, tunajua maneno yanayosemwa. "Dada, chukua, kitapanuka chenyewe." Kweli ngozi hulegea, lakini kinachoilegeza ni mfupa wako. Fanya hivi. Nenda kununua viatu alasiri au jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa kazi. Kabla ya kutoka nyumbani, simama juu ya karatasi, uchore mguu wako kwa kalamu pande zote, kisha ukate mchoro huo uende nao. Weka soli ya kiatu juu yake. Mchoro ukitokeza pembeni, kiatu hicho si chako hata kikiwa kizuri namna gani. Pima mguu ulio mkubwa, maana miguu ya mtu mmoja mara nyingi hailingani. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Sasa kwa ambaye tayari ana nundu na ile kokoto chini ya kidole cha pili. La kwanza, wembe uwekwe mbali. Najua unavyoleta nafuu: unakata sugu jioni, kesho unatembea vizuri, halafu baada ya wiki chache imerudi. Itaacha vipi kurudi, wakati mzigo ulioileta haujaondoka? Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu, ukaushe vizuri hadi katikati ya vidole, sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu, paka mafuta. Kisha shughulikia mzigo. Unaweza kutengeneza kipande cha sponji au cha ndala iliyochakaa, chenye umbo la yai na unene wa milimita chache, ukakibandika ndani ya kiatu. Watu wengi hukiweka palepale panapouma, na hapo huongeza maumivu. Kiwekwe nyuma kidogo ya panapouma, kuelekea katikati ya unyayo, ili kiinue mifupa kabla uzito haujafika kwenye vichwa vyake. Ukikiweka sawasawa utajua siku hiyohiyo.

Na mafundi viatu wetu, wale wanaokaa barazani na misumari mdomoni, wanaweza kufanya makubwa kuliko wanavyodhani. Fundi anaweza kuipanua ngozi pale penye nundu. Anaweza kuongeza soli ngumu yenye kupanda kidogo mbele, ili kiatu kibingirike chenyewe na vidole visilazimike kukunjika. Mpelekee mguu auone, usimpelekee kiatu peke yake.

Nyosheni pia misuli ya shavu la mguu. Ikikaza, kisigino huinuka mapema na sehemu ya mbele hubeba uzito kwa muda mrefu zaidi katika kila hatua. Weka mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, uhesabu hadi thelathini, kisha ubadilishe. Asubuhi na jioni. Vile vifaa vya kutenganisha vidole vinavyouzwa siku hizi huleta nafuu vikiwa vimevaliwa, lakini kwa mtu mzima havinyooshi mfupa. Anayekuambia kitanyooka kwa mwezi mmoja anataka fedha yako.

Kuhusu diklofenaki nitasema waziwazi. Kidonge hicho kinauzwa kirahisi mno. Kwa siku mbili tatu za maumivu makali, kwa ushauri wa mhudumu, sina ugomvi nacho. Lakini mtu anayekimeza kila siku ili aweze kuingia shambani analiweka tumbo lake kwenye hatari ya vidonda na figo zake kwenye hatari ya kuharibika, na mzigo chini ya kidole cha pili haujui hata kama kidonge kimemezwa.

Msinielewe vibaya, si kila maumivu ya mbele ya mguu yanatokana na nundu. Kiungo cha kidole gumba kikivimba ghafla usiku, kikawa chekundu na cha moto hata kuguswa na shuka hakuvumiliki, huenda ni gauti, na mgonjwa inabidi aulizwe kuhusu pombe na nyama anazotumia na apimwe. Maumivu yanayochoma katikati ya kidole cha tatu na cha nne, yenye ganzi vidoleni, huweza kuwa ya neva iliyobanwa. Uvimbe unaotokea juu ya mguu baada ya siku za kutembea sana unaweza kuwa ufa kwenye mfupa, na huo unataka mapumziko ya kweli. Viungo vya miguu na mikono vikikaza kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, hilo ni la daktari.

Wa kuogopewa zaidi ni mwenye kisukari. Yeye anaweza kuwa na nundu, na sugu chini ya kidole cha pili, na asihisi chochote kwa kuwa neva zimekufa ganzi. Chini ya sugu hiyo ngozi inachanika kimyakimya na kidonda kinaingia ndani. Huko Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wamefundisha wahudumu wa mikoani jinsi ya kutunza miguu ya wagonjwa kama hawa, kwa sababu miguu mingi hukatwa kwa kidonda kilichoanza kidogo. Mwenye kisukari aangalie nyayo zake kila jioni, na asiyeweza kuinama aangaliwe na mtoto wa nyumbani. Sugu yake asiikate mwenyewe hata siku moja.

Na upasuaji? Upo. Madaktari wameandika zaidi ya njia 100 za kunyoosha nundu, na wingi huo wenyewe unaonyesha kwamba hakuna moja inayomfaa kila mtu. Mara nyingi mfupa hukatwa, husogezwa mahali pake na kushikiliwa kwa skrubu au waya. Mgonjwa hutembea na kiatu maalumu kwa wiki sita hivi, na uvimbe huweza kuchukua miezi. Kwa mtu anayeishi kwa kuchuma chai au kulima viazi hilo ni jambo la kupanga na familia. Tena upasuaji ukiufupisha mno mfupa wa kidole gumba, mzigo unaweza kuhamia tena kwa kidole cha pili, na kokoto ikaja upya. Ndiyo maana daktari mzuri hapasui nundu isiyouma kwa ajili ya urembo tu, na ndiyo maana ni haki yako kumuuliza: baada ya hapa, nani atabeba uzito? Nchini tunayo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996, na huko Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna chuo kilichoanza mwaka 1981 kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viatu maalumu. Kutoka Igowole ni mbali, najua. Lakini wengi wenye tatizo hili hawahitaji kwenda huko. Wanahitaji kiatu kipana, kipande cha sponji mahali sahihi, na mtu wa kuwaeleza.

Kwa hiyo ukienda zahanati au kituo cha afya kwa maumivu ya mbele ya mguu, vua viatu vyote viwili na soksi. Onyesha panapouma, na nundu uionyeshe hata kama haiumi. Eleza kazi unayofanya na saa unazosimama. Na ubebe kwenye mfuko yale mabuti unayofanyia kazi, usiende na viatu vya kanisani peke yake, ili mhudumu aingize mkono ndani yake na aone soli imeliwa wapi.